Masikio ya Mkata Miti

Watu wakijua kwamba nilikaa Kigali miaka ile ya vita, huniuliza jambo moja tu, na ni haki yao kuuliza. Nami hujibu ninachoweza. Lakini kichwa changu ni kibishi. Nikikiacha peke yake, nimekaa mlangoni mchana jua likinipiga miguuni, hakiendi huko wanakotaka watu. Kinakwenda Kagugu, mwaka wa tisini na mbili, kwenye msitu wa mikaratusi, ukungu haujaondoka bado, na mahali fulani ndani ya ukungu ule mtu anavuta kamba ya msumeno wa injini. Anavuta mara moja, mara mbili. Mara ya tatu unawaka.

Mume wangu aliuita msumeno ule kwa jina la Kifaransa ambalo ulimi wangu ulilikataa, kwa hiyo nyumbani tuliuita mashine. Sauti yake naijua kuliko sauti ya mama yangu, Mungu anisamehe. Asubuhi ilikohoa, ikapiga chafya, ikatulia kwenye sailensa, ule mngurumo wa chini wakati mnyororo umesimama na injini inapumua tu. Ukiipa mafuta yote bila kugusa mti, mashine iliyosetiwa vizuri haipigi mayowe. Inagugumia kidogo, kama mtu anayesema na chakula mdomoni. Ikiingia kwenye mti ndipo kugugumia kunaisha na sauti inanyooka. Ikipiga mayowe hewani, ujue petroli inayoingia ni kidogo, na oili iliyochanganywa nayo ni kidogo pia, na chuma kinajichoma ndani. Asiyejua atakwambia, sikia ilivyo na nguvu. Nguvu gani? Inakufa hiyo. Na tofauti kati ya kugugumia na kufa ni robo ya mzunguko wa skrubu moja kwenye kabureta, skrubu ndogo kuliko punje ya mahindi.

Misumeno mingine ililetwa kwetu kutoka Dar es Salaam, na yote ilifika ikitoa moshi mweusi, haina nguvu, imelewa petroli. Milima yetu hewa yake ni nyepesi. Mume wangu aliwafungia wenye misumeno ile skrubu kidogo, akasikiliza, akafunga tena kidogo, akasikiliza, na mashine ikapata akili. Nilimwambia ndivyo alivyokuwa babu yangu pia, maana yeye alipanda kutoka pwani na marobota ya vitambaa, akafika Kigali akihema mwaka mzima. Mume wangu alicheka hadi akaiweka bisibisi chini.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Nyakabanda, na nyumbani kwetu Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya ugomvi na ya mapenzi. Mume wangu alitoka milima ya kaskazini. Alikuja dukani kwa baba na suruali iliyopasuka goti. Wiki iliyofuata akaja na suruali ileile imepasuka goti la pili. Mara ya tatu baba akamwambia, kijana, acha mti ukukate au mwache binti yangu ashone, chagua. Alisilimu kwa ajili yangu, au kwa ajili ya pilau ya mama, hilo hatukuwahi kukubaliana. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani. Kila kitu kwake kilikuwa "iko". Mashine iko, mti iko, mke iko. Nilimtania kwa hilo mchana kutwa, naye aliniita sheri, yaani mpenzi kwa Kifaransa, mbele ya baba ili kunikomoa.

Mimi ni mtu wa shoto. Utotoni nilipigwa vidole kwa ajili hiyo, na cherehani ya baba ilinifundisha kutumia mikono yote, lakini mkono wenyewe ni wa kushoto. Sasa mnyororo wa msumeno una meno yanayotazama kulia na yanayotazama kushoto, kwa zamu, na kila jino hunolewa kwa tupa ya mviringo, kusukuma tu, kutoka ndani kwenda nje, bila kuivuta tupa nyuma. Mtu wa kulia hunoa upande mmoja vizuri na upande mwingine hivihivi. Ndiyo maana misumeno ya watu wengi hukata ikivutwa pembeni, na gogo linatoka na uso uliopinda. Mume wangu alihangaika na jambo hilo miaka. Siku moja, mwaka wa kwanza wa ndoa, nimekaa pembeni nachambua mchele, nikamwambia, lete hapa. Nikanoa upande wake mbaya kwa mkono wangu mbaya. Misukumo mitatu kila jino, si miwili, si minne.

Kesho yake alirudi akaniambia mashine ilikata nyoofu, na iliyotoka si vumbi kama unga bali chenga nzito, ndefu, zenye harufu ya dawa ya kifua. Tangu hapo tuliketi uani kila jioni jua likiwa bado lipo, mnyororo kati yetu, yeye na meno yake, mimi na yangu. Hatukuzungumza sana. Tupa ilisema shii, shii, shii, kisha jino linalofuata. Nilikuwa na furaha, nasema wazi, furaha ya kipumbavu, na sikujua kama ni furaha kwa sababu nilidhani hivyo ndivyo jioni zilivyo.

Watu wa Gatsata waliokuwa wakinunua kuni zetu walisifu magogo yake yanavyosimama wima bila kuyumba. Aliwaacha wamsifu yeye peke yake. Nikamwambia nitakushitaki.

Halafu mwaka wa pili wa ndoa nilianza kuona mambo. Namwita amenipa mgongo, haitiki. Nikadhani ana kiburi, nikanuna siku mbili, na yeye hakuona kwamba nimenuna, jambo ambalo liliniudhi zaidi. Akaanza kusema kwa sauti kubwa mezani. Mama akaniuliza kama tunagombana.

Siku niliyojua ilikuwa Jumapili, uani. Alikuwa anaseti mashine kabla ya wiki ya kazi. Aliipa mafuta yote, ikagugumia vizuri, nami nikasema moyoni, hapo hapo. Lakini akafunga skrubu. Sauti ikapanda. Akafunga tena. Sasa ilikuwa inapiga mayowe, kali, nyembamba, ile sauti inayoingia kwenye meno ya mtu. Yeye ameinamisha kichwa, amefumba macho, uso umetulia kabisa, anasubiri. Akaweka tena bisibisi. Alikuwa anaitafuta sauti ambayo tayari ilikuwepo. Nilirusha ungo niliokuwa nikipepetea mchele, nikaenda nikamsukuma mkono, nikazima mashine mwenyewe.

"Unaua mashine," nikasema.

"Bado iko chini," akasema.

"Iko juu. Iko juu mpaka majirani wametoka nje. Huisikii?"

Alinitazama. Nakumbuka macho yake yalivyoshuka kwenye mdomo wangu, na hapo nikaelewa kwamba yamekuwa yakishuka hapo miezi mingi. Akakaa chini juu ya gogo. Akasema sauti nyembamba ndizo zilizoondoka kwanza. Ndege, alisema. Halafu kengele ya baiskeli. Halafu mimi, nikiwa mbali.

Nililia, yeye hakulia. Aliniambia neno moja tu: msimamizi asijue.

Msimamizi wa msitu wa Kagugu alikuwa mzee mwenye koti la kijivu, mtu wa haki lakini mgumu. Ndiye aliyempa mume wangu kazi, na hakuna mwingine aliyekuwa na mikaratusi ya kutosha mwaka mzima. Kabla yetu alikuwa na mkata miti aliyeangukiwa na mti mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo aliwaambia wote kwamba mti husema kabla ya kuanguka, na asiyeusikia hana kazi kwake. Ni kweli, husema. Ukishakata mdomo, yaani pengo kama kabari, upande unaotaka uangukie, ukaja nyuma ukakata, unaacha katikati ukanda wa mti usiokatwa, nao ndio bawaba inayoushusha mti taratibu. Lakini mkaratusi una hasira ndani. Wakati mwingine hupasuka wima ghafla, nusu yake ikaruka nyuma alipo mkataji. Kabla ya hapo hutoa mlio mdogo, kama mtu anayevunja ukucha. Aliye na masikio ana muda wa kuvuta pumzi moja na kukimbia.

Basi nikawa naenda naye. Tulisema nampelekea chakula. Wafanyakazi wakacheka, huyu mke ana wivu na miti sasa, nami nikawajibu kwamba miti ni mizuri kuliko wao. Nilijifunga mtandio wa njano ili nionekane ndani ya ukungu. Nilisimama ng'ambo ya mti, mbali kidogo, mahali ambapo akiinua macho ananiona. Tulikubaliana hivi. Nikigusa bega la kulia, mtu anakuita kutoka kulia. La kushoto, kushoto. Nikigusa kidevu, yuko nyuma yako. Na nikivua mtandio, acha kila kitu ukimbie. Mwanamke wa nyumba yetu havui mtandio mbele ya wanaume, kwa hiyo hapakuwa na hatari ya kukosea. Ndivyo tulivyodhani.

Asubuhi mashine niliiseti mimi. Yeye alishika bisibisi, watu wakiona ni yeye, nami nikipita na birika la chai nikikuna shavu kumaanisha bado, nikikohoa kwa kuinamisha kichwa kumaanisha basi. Mashine haikuwahi kukaa vizuri kama miezi ile. Hata msimamizi alisimama akaisikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia mume wangu ana sikio la pekee. Nikageuka nikajifanya natafuta kijiko.

Nikisema miezi ile ilikuwa kama usingizi mtamu nitakuwa nasema kweli nusu. Msitu ulikuwa mrefu na mweupe, maganda ya mikaratusi yalining'inia, mwanga ulishuka kijani. Nilisikiliza kwa mwili wote. Nilijifunza kuusikia mti chini ya mashine, jinsi mtu anavyomsikia mtoto analia chumba cha pili wakati redio inaimba. Yeye alikata, akainua macho, akaniona, akakata. Hakuna mwanamume aliyewahi kumtazama mkewe mara nyingi namna ile kwa siku moja. Nusu nyingine ya ukweli ni kwamba nilikuwa nikifika nyumbani siwezi kutia uzi kwenye sindano.

Kisha ikawa siku ya lori. Lilikuwa linapanda barabara ya chini limejaa magogo, likinguruma, na mti uliokuwa mbele yangu ulisema, nami sikuusikia. Niliuona tu. Ufa ulipanda katikati ya shina upesi kuliko jicho. Nilivua mtandio nimechelewa. Yeye aliruka, na ile nusu ya mti ikapita kwenye bega lake ikachana shati na ngozi chini yake. Wafanyakazi walikuwa mbali, hawakuona. Alikaa kwenye majani akacheka, akaniambia, sheri, leo umesinzia. Nilimfunga bega kwa kipande cha kanga. Sikucheka. Usiku ule na uliofuata nilisikia ule mlio ambao sikuusikia.

Nilimwomba aache. Akasema ataacha kisha afanye nini, ashone vifungo na baba? Nikamwambia ndiyo, ashone vifungo. Akasema kazi ya msumeno ndiyo kitu pekee duniani ambacho akikifanya hajioni kiziwi, kwa sababu mashine ikiwaka watu wote ni viziwi, wote sawa. Niliona ni kweli. Nikaendelea kwenda.

Wiki mbili baada ya hapo, upepo ulivuma Kagugu tangu asubuhi. Mti wa siku ile ulikuwa mkubwa, na msimamizi mwenyewe alikuja na wafanyakazi wote kuutazama, kwa sababu ulikuwa karibu na ua wa watu. Mume wangu alikata mdomo vizuri. Akazunguka nyuma akaanza mkato wa pili. Nilikuwa nimebana mtandio kwa meno, mikono nimeikunja kifuani kwa baridi, masikio yangu yote yako ndani ya shina lile. Mti ulikuwa kimya. Upepo ukaja kutoka bondeni, ukanipiga mgongoni, ukauchukua mtandio wote, ukautupa kwenye vichaka. Yeye akainua macho wakati huohuo.

Aliiacha mashine ndani ya mti inawaka, akakimbia. Alikimbia kwa nguvu zake zote kupita wafanyakazi, akajitupa chini nyuma ya kisiki, mikono juu ya kichwa. Mti ukabaki umesimama. Mashine ikanguruma peke yake kwenye sailensa, imesetiwa vizuri. Watu wakamtazama, wakanitazama mimi niliye kichwa wazi, kisha mmoja akaanza kucheka, na wengine wakafuata. Nilikimbilia mtandio wangu. Niliona aibu yake kuliko yangu.

Msimamizi hakucheka. Alikwenda akazima mashine. Alimngoja mume wangu ainuke, ajipanguse majani, arudi kwenye mti. Mume wangu alikuja akitabasamu tabasamu bovu, akasimama ananikabili, akaanza kugonga kabari ili mti usiibane mashine. Mzee akatembea taratibu mpaka nyuma yake, hatua kama kumi, mikono ndani ya koti. Akamwita jina lake. Si kwa kelele, kwa sauti ya mtu anayeita mwenzake mezani.

Mume wangu aliinua macho akaniona. Nami nilikuwa na mkono wangu hapa, kiunoni, na kidevu changu hapa. Ni safari fupi sana kwa mkono.

Mzee akaita tena. Wafanyakazi walikuwa wameacha kucheka. Mume wangu alinitazama, akiniuliza kwa nyusi, kuna nini? Nilimtazama. Niliona kovu la bega lake palipochanika shati. Niliona jinsi alivyoniamini, uso wazi kabisa, na nikauacha mkono wangu palepale ulipokuwa. Mzee akaita mara ya tatu, kwa nguvu, mpaka ndege wakaruka. Mume wangu aliinama akaendelea kugonga kabari.

Msimamizi alimgusa bega. Hakumtukana. Alimwambia polepole, akimkabili uso kwa uso, kwamba atamwita mtu mwingine aumalize mti huu, na kwamba anasikitika, na sidhani alidanganya. Mume wangu alitoa mashine kwenye mti, akaufuta kwa kitambaa ule ulimi wa chuma unaobeba mnyororo, akaufunika kama kila siku. Akaitia begani, tukaondoka.

Tulitembea mpaka Gatsata. Njia ile inateremka, na chini kabisa unaiona stendi ya Nyabugogo na mabasi yake. Mimi nilitangulia, kisha nikapunguza mwendo ili awe pembeni yangu, maana nikiwa mbele haoni mdomo wangu. Alisimama karibu na kibanda kilichofungwa, akaweka mashine chini, akakaa kando ya barabara. Nikakaa. Wanawake wenye mizigo ya kuni vichwani walikuwa wakipanda kutoka bondeni.

"Aliniita mara ngapi?" akauliza.

"Mara tatu."

"Na wewe ulisikia."

"Nilisikia."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayehesabu kitu. Akatazama bondeni, mbali nami, akauliza kwa nini. Nikamwambia. Nilisema chini, kwa sababu nilikuwa na haya, nikamwambia nilikuwa nimechoka kukisikilizia kifo chake, na kwamba nilitaka mume kiziwi kuliko kubaki mjane.

Alibaki anatazama mabasi. Kisha akanigeukia, akaona mdomo wangu umetulia.

"Ulisema?" akauliza. "Sikusikia. Sema tena."

Nikamshika uso kwa mikono miwili ili anitazame, nikasema tena yote, kwa sauti kubwa, mpaka wale wanawake wenye kuni wakasimama njiani kututazama.